Ndiga za Mwaka wa Nzige

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia mikono yangu huwa baridi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nimeolewa hapa Puge, nina mtoto mchanga kifuani. Nzige walikuwa wametua wakamaliza mtama wote. Ghala tupu. Maziwa yangu yalianza kukauka.

Porini zilibaki ndiga tu, vile viazi mwitu vyenye sumu. Jirani zetu walizichemsha harakaharaka, wakala. Kulipokucha tukazika watoto wao wawili. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Watu wakaanza kufunga mizigo wakimbilie Tabora, kila mtu na lake.

Mama mkwe wangu, Nyamizi, alikuwa mzee sana, macho yameshafifia. Akawaita bibi wenzake, wakachimba ndiga, wakazikata nyembamba na kuziloweka mtoni, maji yakipita juu yake siku baada ya siku hadi sumu itoke. Ndivyo mama yake alivyofanya zamani za misafara, njaa ilipowakuta. Alipokwisha kuzipika akatuita uani.

"Nitakula peke yangu," alisema. "Nimekwisha kula chumvi nyingi. Jua likitua nikiwa mzima, nanyi mtakula."

"Mama, nakuomba usile," nilimsihi.

"Kaa chini, mwanangu. Woga ukituongoza, Puge itabaki makaburi matupu."

Akala, taratibu. Tulimtazama. Alasiri kichwa chake kikaanguka kifuani. Nilimsogelea nikiogopa kumgusa, nikaweka kiganja puani pake. Pumzi ilikuwepo. Alikuwa amesinzia tu, maskini, kwa uchovu wa mtoni.

Jua likatua, tukala. Kesho yake bibi wale waligawana nyumba, kila mmoja akaenda kufundisha. Mizigo ikafunguliwa. Mvua ziliponyesha, tulikuwepo wa kushika jembe.

Basi, mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi. Balaa likishuka, hofu itakuambia ukimbie na kuwaacha wazee nyuma kama mzigo. Usiisikilize. Keti nao kwanza, uwaulize wao walipona vipi. Na wakikuambia subiri, subiri hata kama moyo unakwenda mbio. Aliyewahi kuvuka ndiye ajuaye kivuko.

Mungu akuepushe na mwaka kama ule. Na ukija, usikukute peke yako; akujalie mwenye mvi pembeni mwako. Amina.