Mpandikizaji kahawa wa Wamagana amtafutia dadake mkono uliozoea

Tik. Tik. Tik.

Sauti inatoka ndani ya shamba la kahawa, ukungu wa Wamagana, kaunti ya Nyeri, ukiwa bado haujainuka. Si ndege, wala si tone la maji juu ya jani. Matawi yanasogea, na anajitokeza mwanamume mrefu mwenye kisu kidogo mkononi, glavu ya ngozi kwenye mkono wa kushoto, na utepe wa nailoni ameubana kwa meno.

Sauti ile inatoka kifuani mwake.

"Ni vali ya moyo. Si ile nilizaliwa nayo," anasema Gatimu, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, huku akichonga ncha ya kikonyo, kijiti kibichi cha kahawa. "Dadangu huniita saa ya ukutani. Ati nikiingia jikoni sina haja ya kubisha."

Kazi yake ni kupandikiza mibuni. Shina la zamani lililoshindwa na magonjwa hukatwa, na juu yake Gatimu huunganisha kikonyo cha aina mpya, akakifunga kwa nailoni mpaka viwili viwe mti mmoja. Mvua ikianza, wenye mashamba humtafuta hadi upande wa Murang'a, kwa kuwa unyevu ndio hushikisha. Hulipwa shilingi ishirini kwa kila kikonyo kinachochipua. Kikikauka, jasho lake limekauka nacho.

Kwa mwingine, kisu kikiteleza ni jambo la kufunga kitambaa na kuendelea. Kwake sivyo. Kila jioni humeza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, na mkwaruzo mdogo huweza kuvuja damu hadi afike zahanati. Ndiyo sababu ya glavu, hata jua likiwaka.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama jambo la kupuuzwa: koo la utotoni lililotibiwa kwa maji ya chumvi. Homa iliyofuata iliharibu vali, kile kilango kinachopitisha damu na kuizuia isirudi. Miaka mitatu iliyopita Gatimu alifanyiwa upasuaji Nairobi, akawekewa vali bandia.

Mwaka huu, dadake Ngendo, mshonaji wa sare za shule mjini Nyeri, alianza kupumzika kwenye kila ngazi. Ana miaka ishirini na minne, na vipimo vilionyesha vali yake nayo imeharibika. Walilala kitanda kimoja utotoni, wakaambukizana ugonjwa ule ule wa koo.

Kwa mama yao, Watiri, jibu lilikuwa rahisi. Hospitali moja karibu na nyumbani imeanza kupasua moyo. Ngendo alazwe hapo. Huku mgonjwa haachwi peke yake. Kina mama wa kanisa huenda kwa kundi, na chupa za uji, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, wakaimba mpaka wauguzi wawaombe wapunguze sauti.

"Mtu hupona akiona watu wake," anasema Watiri. "Huyu Gatimu alikaa Nairobi kama mtu hana kwao."

Gatimu hambishii. Anakumbuka akilia chini ya shuka, akisikia wageni wa kitanda cha jirani wakicheka. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayetaka Ngendo apelekwe kule kule Nairobi, na nyumba iligawanyika kwa ajili hiyo.

Walikwenda wote watatu kumwona Dkt. Lynn Mbeti, anayehudumu katika hospitali hiyo ya karibu. Watiri alimuuliza kama kweli hapo hawawezi.

"Tunaweza, mama," daktari akamjibu. "Lakini mwaka jana tulipasua wagonjwa tisa tu. Kule Nairobi, hao ni wa wiki mbili. Angekuwa dadangu, ningempeleka kule."

Akawaeleza kwamba si mpasuaji tu. Penye wagonjwa wengi wa vali, hata muuguzi wa zamu hutambua mapema mgonjwa anapoanza kubadilika. Na mikono iliyozoea huenda ikaikarabati vali ya Ngendo badala ya kuibadilisha. Hapo Ngendo aliinua kichwa. Anataka watoto, na dawa anayomeza kakake ni hatari kwa mimba. Daktari hakumhakikishia. Alisema tu kwamba nafasi ni kubwa zaidi kule.

Inachoma moyo. Kwa nini mkono uliozoea uwe mbali, na sura unayoipenda iwe karibu, halafu maskini aambiwe achague?

Kesho yake Watiri alitoka na jembe, akasimama kwenye mistari miwili ya mibuni iliyo mifupi kuliko mingine. Hapo ndipo Gatimu alijifunzia kupandikiza, na karibu vikonyo vyote vilikauka mkononi mwake.

"Ulijifunzia kwa kahawa yangu," alimwambia mwanawe. "Sikuwa na neno. Kahawa hukatwa ikaota tena." Akatazama nyumbani, kulikosikika cherehani ya Ngendo. "Mpeleke."

Tarehe imeshatolewa. Imeangukia katikati ya mvua, wakati kisu cha Gatimu hakipumziki, na wenye mashamba watatu ameshawaambia watafute mtu mwingine. Mmoja alimcheka, ati tangu lini mwanamume akaenda kukalia kiti cha kina mama hospitalini.

Asubuhi hii Ngendo amekuja shambani polepole, akaketi kwenye kigoda, anamkatia kakake nailoni. Hofu yake anaitoa akiwa ameinama.

"Na nikiamka nipate ni watu siwajui?"

Gatimu anafuta kisu kwa kitambaa, anakikunja, anakitia mfukoni. Anachuchumaa mbele yake, karibu sana.

"Unasikia hii?"

"Nitakosaje, na inapiga kelele hivyo?"

"Basi usiharakishe kufungua macho," anamwambia. "Sikiliza kwanza. Nitakuwa hapo kando ya kitanda, Ngendo. Utanisikia kabla hujaniona. Nakuahidi."