Ngoma ya Mguu na Kitanda cha Jirani

Wewe unayetaka kununua seti ya drams, sogea karibu nikueleze, maana mimi nilianza kwa kukosea.

Kanisa letu la Mishomoroni ni ukumbi wa mabati tuliopangishiwa na baba mmoja Mwislamu. Nyuma ya ukuta wetu ndipo kilipo chumba cha mamake, mkongwe mwenye maradhi ya moyo. Alituambia waziwazi, "Imbeni, sina neno. Lakini mamangu akishtuka, mtahama siku hiyo hiyo."

Nami nikachagua seti kubwa kuliko zote, ngoma ya mguu ya inchi ishirini na nne, kwa kuwa kule dukani, penye dari la juu na mizigo tele, ilisikika tamu. Jumapili nikaikanyaga mara tatu. Mabati yakalia, vumbi likatuangukia, na nyuma ya ukuta fimbo ikagonga: ko, ko, ko. Wimbo ukakatika.

Nilikwenda peke yangu chumbani kwa yule mkongwe, vijiti bado mkononi, nikimwomba Mungu nimkute anapumua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe mpigaji? Kitanda kimetembea hadi mlangoni, nami sijanyanyuka."

Nilishindwa kucheka. "Nisamehe, bibi. Mwanao atatufukuza?"

"Hajarudi bado. Mimi nimepiga ngoma za harusi miaka mingi, mjukuu wangu. Hiyo yenu ni ya uwanjani. Tafuta ya ndani, kisha uivishe." Akanisukumia mto wake wa sufi.

Kesho yake mwenye duka alikubali kunibadilishia, nikachukua ya inchi kumi na nane. Mto nikautia ndani, ukigusa ngozi. Seti nikaisogeza mbali na ukuta wa bibi, na matoazi nikabakisha mawili tu. Kisha mwenzangu mmoja wa kanisani akapiga, mimi nikakaa kwa bibi, kiganja juu ya kitanda. Mwanawe, aliyekwisha kusikia habari, alisimama mlangoni, amekunja mikono. Nilihesabu pumzi za bibi moja moja.

"Kitanda kimetulia," akasema hatimaye. "Ila mwenzio anakimbia kama anayefukuzwa. Mwambie apunguze."

Mwanawe akakunjua mikono, akaenda zake. Tungali hapo mpaka leo.

Basi kabla hujakubali seti yoyote, ipeleke kwenye chumba itakamokaa, mpe mwenzio apige, nawe nenda ukasimame kwa jirani, mkono ukutani.