Baba Mkwe Juu ya Pikapu

Gari la kwanza ambalo baba mkwe wangu alinunua maishani halikuwa na milango, halikuwa na paa, na halikuwa na kioo hata kimoja. Lilikuwa bagi: mabomba ya chuma yaliyochomelewa yakapata umbo la gari, viti viwili, injini kwa nyuma, na magurudumu manene ya kupita kwenye matope. Aliiona kwa mkulima mmoja wa mahindi nje kidogo ya Kitale. Watoto wa mkulima huyo waliichezea shambani hadi wakakua, wakaenda zao Nairobi, ikabaki kulaliwa na kuku. Mzee ana goti bovu na shamba la miwa kule Kabuchai, shamba linaloteremka hadi mtoni. Alipoiona tu akasema hilo ndilo goti lake jipya. Wakaelewana na mkulima, ikabaki kazi ya kuifikisha nyumbani.

Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Lakini yeye ameajiriwa Bungoma mjini, na Jumamosi ile aliitwa kazini bila kutarajia. Akanipigia simu asubuhi nikiwa bado naosha vyombo.

"Si wewe uko na pikapu?"

"Pikapu yangu ni ya viazi."

"Basi leo itabeba gari. Tafadhali. Mzee ashafika kwa huyo mkulima, anangoja."

Nilikaa kidogo na simu mkononi. Kubeba gari hakukunitisha. Nilichowaza ni mzee mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kabla sijazaliwa, nikaolewa na Mbukusu. Kwao, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawashikani mikono wala hawaketi wakibanana. Nilishazoea. Nikifika Kabuchai namsalimia kwa mbali, napeleka chai mezani, narudi jikoni. Sidhani tulikuwa tumewahi kuongea kwa muda wa kutosha maji kuchemka. Na pikapu yangu ina viti viwili tu, na ukiketi humo na mtu mabega yanagusana.

Nilimkuta amesimama kando ya bagi, amevaa koti la suti na kofia, kama mtu anayekwenda kuposa. Nikainama kidogo kumsalimia, naye akaitikia huku akitazama magurudumu.

Vijana wa shamba walinielekeza nirudishe pikapu nyuma hadi kwenye tuta la udongo, wakaweka mbao mbili, mmoja akaiendesha bagi polepole hadi juu. Haikutosha. Magurudumu ya mbele yaligonga ukuta wa kebini, na yale ya nyuma yakakalia mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Pikapu yangu ilichuchumaa nyuma, pua ikatazama mbinguni. Tulifunga kamba kila mahali palipofungika.

"Karibu mbele, Baba," nikasema, nikamfungulia mlango.

Akautazama ule mlango. Akatazama kiti. Kisha akatazama juu.

"Hapana, mama. Mimi nitakaa huku. Lazima mtu ashikilie breki."

Breki ilikuwa imeshikiliwa na kamba na mawe, na sote tulijua hivyo. Lakini ningeanzia wapi kumkataza baba mkwe? Akapanda akisaidiwa na vijana, akaketi kwenye usukani wa bagi, akafunga mkanda, akashusha kofia ikamkaa vizuri kichwani.

"Twende," akasema. "Lakini polepole kwa balabala."

Nikaenda polepole kuliko trekta. Kwenye kioo sikuona chochote ila chuma na suruali ya mzee. Malori yalinipita, basi la wanafunzi likanipita, na kila aliyenipita alipiga honi na kushangilia. Tulipokaribia Kiminini tulikuwa na msafara. Watu wa boda walitusindikiza huku na huku.

"Mzee, rally iko wapi?" mmoja akapaza sauti.

"Kabuchai!" mzee akajibu, na nikasikia furaha kwenye sauti yake ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilisimama kukaza kamba, simu ikaita. Mume wangu.

"Mmefika wapi? Mzee ako sawa?"

"Ako sawa. Ako nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Ndani ya gari lake."

Nikasikia akicheka hadi akakata simu.

Mbele kidogo tulikuta kizuizi cha polisi. Afande alikuwa kijana mrefu, akaizunguka pikapu mara moja, akaizunguka tena, kisha akaja dirishani.

"Mama, umebeba nini?"

"Gari, afande."

"Na ndani ya gari?"

"Baba mkwe."

Akaenda nyuma. Niliteremka nikamfuata.

"Mzee, shuka tafadhali."

"Nimefunga mkanda," mzee akasema, akamwonyesha.

"Umefunga, sikatai. Lakini gari yako iko juu ya gari ingine."

Mzee akashusha sauti, ingawa nilimsikia vizuri. "Kijana, huyu ni mke wa mtoto wangu. Sasa wewe unataka nikae wapi?"

Afande akaelewa papo hapo. Niliona usoni mwake. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akanitazama, akamtazama mzee.

"Nimekuelewa, Baba. Kwetu pia iko hivyo. Lakini ukianguka hapo mbele, mila itakuja kuniandikia ripoti?"

Mzee akafikiri. Akafungua mkanda. Sote wawili tukajifanya hatuoni jinsi goti lilivyomsumbua akishuka, afande akampa bega, mzee akaingia mbele. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka katikati yetu, akajibana mlangoni.

Tukaenda hivyo, sote tukitazama barabara. Kila nilipobadilisha gia alisogeza magoti. Tulipita Kamukuywa, tukakunja kuelekea Kimilili, na bado hakuna aliyefungua mdomo. Nilijaribu kuwasha redio, nikakumbuka ilikufa zamani.

"Gia ya tatu inalia," akasema ghafla.

"Imeanza juzi, Baba."

"Klachi. Usiikanyage nusu. Ikanyage yote."

Nikaikanyaga yote. Gia ikaingia kimya. Akatoa sauti ndogo ya kuridhika, na ni kama kitu kimefunguka. Akaniambia alivyofanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Webuye, akiendesha mtambo wa kunyanyua magogo, na kwamba kiwanda kilipofungwa alikaa nyumbani akisikia mlio wa ule mtambo masikioni kila asubuhi. Sikujua. Mume wangu hakuwahi kuniambia, labda naye hajui. Kisha akaniuliza nani alinifundisha kuendesha gari.

"Baba yangu. Kwa lori la mahindi."

"Alikufundisha vizuri," akasema. "Mimi huambia watu kanisani, mke wa mtoto wangu ana gari yake. Lakini nilikuwa sijakuona ukiendesha."

Nilishukuru kwamba tulikuwa tumetazama mbele, maana machozi yalinilenga na barabara ilikuwa na mashimo.

Mvua ilitupata baada ya Chwele. Tulipoacha lami kuingia njia ya kwao, udongo ulikuwa umeshalainika, na matrekta ya miwa yalikuwa yameuchimba mitaro. Kwenye bonde dogo karibu na nyumbani pikapu ilizama ikakaa. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka yakiturushia matope hadi dirishani.

"Mama, zima," mzee akasema. Alikuwa anatabasamu.

Watu waliokuwa wakikata miwa walikuja na mapanga yao, wakatusaidia kufungua kamba na kutega zile mbao. Bagi ikateremka kinyumenyume, mzee akaingia, akawasha. Ikakohoa, ikazima. Akawasha tena, ikanguruma hadi ndege wakatoka kwenye miwa. Akaipitisha kando hadi mbele ya pikapu, tukaziunganisha kwa kamba, akaenda mbele taratibu mpaka kamba ikakaza, nami nikakanyaga klachi yote jinsi alivyonifundisha, nikaingiza gia ya kwanza. Pikapu ikatikisika, ikateleza upande, ikatoka. Wakata miwa walipiga makelele utadhani timu yao imefunga bao.

Kuipakia tena? Mzee hakutaka hata kusikia. Alifungua kamba akaondoka nayo, matope yakiruka kumpita kichwa, shati jeupe likageuka kahawia, nami nikamfuata hadi nyumbani.

Mama mkwe alitoka mlangoni akamtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Sasa hii ni nini umeniletea?"

"Panda," akamwambia.

Alikataa. Alikataa tulipokuwa tukinywa chai, akakataa tulipokula. Jioni mvua ilipokatika nikamwona ameketi kwenye kiti cha pili, ameshika mabomba kwa mikono miwili, wakizunguka boma, akimwambia apunguze mwendo. Siku hizi ni yeye anayeiendesha kupeleka maziwa barabarani, na mzee huketi pembeni akilalamika kuhusu gia.

Mume wangu alifika kwa boda jua likizama, viatu vinang'aa, akauliza kama kuna kazi imebaki. Mzee akamwonyesha pikapu yangu, ambayo kwa matope haikujulikana ni ya rangi gani, akamwambia ndoo ziko nyuma ya jikoni. Kisha akavuta kiti barazani, akaniambia niketi nami nipumzike, tukamtazama akiosha.