Mikanda Miwili Iliyohamishwa

Mpaka leo nikiikumbuka Jumapili ile roho inanichafuka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiishi na mama yangu, mjane aliyesuka mikeka. Likizo moja nilikwenda Dar es Salaam kwa shangazi, akanipeleka kuona filamu ya Kihindi. Ilianza na msiba. Kijana anafiwa na mkewe aliyempenda mno, na baada ya wiki chache anamwona mwanamke yule yule kwenye dirisha la nyumba ya watu, naye anasema hamjui. Muda mrefu ukumbi mzima tulikuwa tunajiuliza huyu ni nani. Karibu na mwisho hadithi ikarudi nyuma miaka ishirini, tukaonyeshwa mapacha waliotenganishwa wangali wachanga. Hapo kila tulichokwisha kukiona kikabadilika maana.

Niliporudi nilimsimulia mama mpaka pale dirishani, nikanyamaza.

"Sasa huyo mwanamke ni nani?" akauliza.

"Ikija hapa utaona mwenyewe."

Alinisumbua miezi minne. Anasuka, anaacha, anasema labda ni jini, labda mke hakufa. Nikawa nacheka tu.

Ikaja. Ukumbi wetu ulikuwa na onyesho la wanawake Jumapili alasiri. Mama alivaa kanga mpya, tukakaa mbele. Taa zikazimwa, na kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa watoto mapacha wamelala kitanda kimoja.

Nilidhani mwonyeshaji amekosea, atasimamisha. Hakusimamisha. Ulipofika msiba, kila mtu alikwisha kujua. Yule mwanamke alipotokea dirishani, pahali ambapo Dar watu walishika vinywa, mtu nyuma yetu alisema kwa sauti ya kuchoka, "Si yule pacha." Mama alikunja mikono mapajani akatazama mpaka mwisho, kama mtu anayemalizia chakula asichokitaka.

Nilimkuta mwonyeshaji mlangoni, mtu mzima wa makamo. Nikamwambia mikanda imechanganyika.

"Haikuchanganyika, mwalimu. Mkanda wa sita na wa saba nimeiweka mbele mwenyewe. Filamu ile inaanza mwisho, inarudi mwanzo. Mama zetu hawa wangepotea."

"Nani alikwambia wangepotea?"

"Hawajasoma. Mimi nimewasaidia."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hasira zaidi. Mama akanisogeza pembeni. Yule bwana akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Baba," mama akamwambia, "mume wangu alikuwa akifanya biashara ya nazi. Siku moja nililetewa habari kwamba amefia Pangani. Nikakaa eda. Katikati ya eda nikaambiwa huko alikuwa na mke. Miaka mitatu baadaye nikajua mke yule ndiye aliyetangulia, mimi ndiye wa pili. Basi miaka yangu yote ya ndoa nikairudia upya, siku moja moja, kila safari yake, kila neno lake. Mimi yangu yalinijia hivyo na sikupotea. Filamu ya saa tatu ndiyo ingenipoteza?"

Mimi mwenyewe lile la mke wa pili nililisikia hapo mlangoni, mbele ya watu.

Yule bwana akatazama chini. Nikamtaka airudie Jumapili ijayo kama ilivyotengenezwa. Akasema haiwezekani, kesho inapakiwa kwenye basi kwenda Tanga. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba wengine wamefurahi.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia habari ya baba.

"Ulikuwa mdogo," akasema. "Kisha ukawa mkubwa, nikaona haya."

Nilimkasirikia na yeye, na baba kaburini, lakini zaidi nilimkasirikia yule mtu aliyekaa na mikanda yake akaamua mama yangu anaweza kuelewa nini.

Mama alifariki bila kuiona filamu ile kwa mpangilio wake wa asili. Mwonyeshaji niliendelea kupishana naye mjini kwa miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa mkubwa kwangu, na malezi yangu yalinitaka nimwamkie. Sikumwamkia hata mara moja.