Hatua Kumi kutoka Kwenye Chanja

Tangu tulipomzika bibi, swali moja lilininyima usingizi: niliisikia sauti yake nikaipuuza, au sikuisikia kabisa? Nililigeuza kila upande. Kama niliisikia, basi mimi ni mtu wa namna gani? Na kama sikuisikia, ilikuwaje jirani yetu, aliyekuwa ng'ambo ya bonde, aisikie?

Hilo la mwisho halikuwa langu peke yangu. Kijiji kizima kililiuliza, na kilikwisha kujipatia jibu.

Nilikuwa nimemaliza chuo bila kupata ajira, nikarudi Mbinga kukaa na bibi mzaa mama. Ulikuwa msimu wa kahawa. Asubuhi ile nilikuwa kwenye chanja tunapoanikia kahawa, mbele ya nyumba, nachambua iliyokauka. Ni kazi ya macho. Punje zote zinafanana, na wewe unatafuta ile iliyopasuka, ile yenye doa dogo kama kichwa cha pini, ile iliyoingia ukijivu kidogo tu. Chama cha ushirika kilikuwa kimeturudishia gunia zima kwa uchafu, na bibi alikuwa ameniambia, "Safari hii wakirudisha, utalinywa wewe lote." Kwa hiyo nilikazana.

Bibi alianguka migombani, nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka nilipoketi. Sikujua. Niliona kivuli juu ya kahawa, nikainua kichwa, jirani kasimama mbele yangu anahema, kanga imelowa maji ya mto hadi magotini.

"Bibi yako anaita, nawe umekaa tu!" alisema. "Huna masikio?"

Tulimkuta bibi bado anapumua. Hospitalini alikaa siku mbili bila kusema neno, akafariki.

Msibani, mjomba wangu, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa bibi, aliniuliza mbele ya watu, "Aliita?"

"Hapana, mjomba. Hakuita. Mimi nilikuwa pale pale."

Niliona nasema kweli. Au niliogopa. Mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

Ukoo ukayachukua maneno yangu. Mjukuu aliyekuwa hatua kumi hakusikia kitu. Mwanamke wa ng'ambo ya bonde alisikia. Basi hakusikia kwa masikio, alijua kabla: ndiye aliyemroga. Jirani alikuwa mjane, Mnyasa aliyeolewa huku milimani kutoka ufukweni mwa ziwa, na hilo nalo likawekwa upande wake. Watu wakaacha kunywa maji kwake. Siku za kuchimba ngolo, yale mashimo ya shambani tunayochimba kwa kusaidiana, hakuna aliyekwenda kwake na jembe. Mwisho akafunga mlango, akashuka kwa kaka zake ziwani. Kahawa yake iliiva ikaanguka chini.

Nyumbani nilibaki na bibi. Sijui niseme vipi tena. Nilipopukuchua mahindi, mikono ilijiendea yenyewe na masikio yakaokota kila kitu: kuku, pikipiki barabarani, bawaba ya mlango, na katikati ya hayo bibi akiniita kutoka migombani. Niliacha mahindi nikaenda. Nilikuta jani kavu linasugua shina. Siku iliyofuata nilienda tena.

Lakini kwenye chanja hakuniita. Nikianza kuchambua, dunia ilizima. Nilikuwa nashtukia jua limeshafika utosini na mbuzi wa watu wamekula mboga zetu nyuma ya mgongo wangu. Ukimya huo ulinitisha kuliko sauti. Kisha nikakumbuka jambo tulilofundishwa chuoni, nikalijibia mtihani na kulisahau: macho yakipewa kazi ngumu iliyojaa vitu vingi vinavyofanana, akili hutumika yote huko, na sauti hupita bila kupokewa. Kazi ikiwa nyepesi, nafasi inayobaki huzurura na kuokota hata kisichohitajika.

Nikamwendea mjomba. "Siku yoyote, usiniambie ni lini, nikiwa nachambua, simama pale alipoanguka bibi uniite."

Alicheka. "Chuo kimekupa ugonjwa gani?"

Siku tatu za kwanza nilitega masikio, sikuchambua kitu cha maana. Wiki ikapita, nikaacha kumsubiri. Asubuhi moja mkono mzito ulinishika bega, nikaruka, punje zikamwagika. Alikuwa mjomba, amekunja uso.

"Nakuita mara tatu! Unanidharau, eh? Mtoto wa dada yangu ananinyamazia mimi?"

"Umeniita, mjomba?"

"Mpaka mbwa kaamka!"

Aliangalia migomba, akaangalia chanja, akaniangalia mimi. Akakaa juu ya gunia kama aliyesukumwa.

"Kwa hiyo mama aliita," alisema.

Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Bibi aliita, na mimi nilikuwa natafuta doa kwenye punje. Kwamba sikukusudia hakumsaidii yeye kitu. Ila kulikuwa na mtu aliye hai, aliyekuja mbio kuvuka mto, na neno langu moja lilikuwa limemfukuza kwake.

Mjomba alitaka tusubiri. "Yatapoa yenyewe." Nami nilitunga barua, nikaichana. Niliwaza kaka zake watanipiga. Niliwaza hatanifungulia. Jumapili, sala ya jumuiya ilipokwisha, nikasimama kabla sijawaza zaidi, nikawaambia wote: bibi aliita, jirani alisikia kama mtu yeyote, mimi nilisema lisilo kweli. Jumatatu nilipanda basi dogo kushuka ziwani. Mjomba alikuja pamoja nami.

Tulimkuta uani anamenya karanga, kaka zake wawili wakishona nyavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmenifuata hadi huku?"

Nikamweleza yote, nimepiga magoti. Mjomba alivua kofia akasema, "Ni kweli, mama. Mimi nilikuwa wa kwanza kukutaja vibaya."

Alimenya karanga mbili, tatu.

"Alikuwa anaita jina lako," aliniambia. "Mara nne."

Kaka yake mkubwa aliweka wavu chini. Majirani walikuwa wamejikusanya uzioni. "Simama," alisema. "Rudia, na wale wasikie."

Nikasimama, nikarudia yote tangu mwanzo.