Nyambizi ya Amerat

Mume wangu Nasr kafanya kazi ya mabetri miaka thelathini na mmoja. Si betri za gari, hapana: yale makubwa ya akiba ya vituo vya simu, yanayojaza chumba kizima ili umeme ukikatika watu waendelee kuzungumza. Alikuwa akirudi nyumbani nguo zimetoboka kwa asidi, nami namgombeza, yeye anacheka tu. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani. Akaitundika, akalala kitandani, na mwaka mzima hakuinuka ila kwa sala na chakula.

Nasema kweli, niliogopa. Mtu hana homa, hana sukari, daktari kampima mpaka kachoka. Ukimuuliza, "Baba Aziz, una nini?" atakwambia, "Sina kitu, kazi yangu imekwisha." Nikajua huyu ananiondokea huku namtazama.

Aliyemwinua ni mjukuu wetu Lujain. Anasoma shule ya wasichana kule Ansab, na mwalimu wao wa sayansi, ustadha Raghad, alitaka wajifunze namna nyambizi inavyozama na kuibuka. Lujain akamwambia mwalimu kwamba babu yake ni bingwa wa mabetri, na atawatengenezea moja. Nasr kusikia hivyo, akakaa kitako.

"Unajua, mama Aziz," akanambia, "nyambizi ya dizeli nusu ya maisha yake ni betri."

Tangu hapo sikupumua. Kila chai na somo lake. Zamani, ananieleza, nyambizi ilikuwa chombo cha kwenda juu ya maji, ikijificha chini kwa muda tu, maana dizeli inataka hewa kama sisi. Ikiwa juu, injini inaunguruma na kujaza betri. Ikizama, injini inazimwa, betri zinazungusha mota, kimya, hata adui asisikie. Baadaye wakabuni bomba la kuvutia hewa, linachungulia juu huku mwili mzima umo majini. Na maji ya bahari yakiingia kwenye asidi ya betri inatoka gesi ya sumu, mabaharia wamekufa kwa hiyo.

"We nawe!" nikamwambia. "Mimi napika, wewe unaniletea maiti jikoni!"

Basi akaijenga uani kwetu Amerat, nyuma ya milima, ambako bahari huioni hata ukipanda juu ya nyumba. Majirani wakatucheka: nyambizi ya wapi hiyo, ya kungojea wadi, bonde kavu lile, lijae mvua? Mwili wake ni bomba la maji la plastiki, refu kama mtu mzima, kwa sababu duara ndilo linalohimili maji yakisukuma kila upande. Ndani betri, mota na pampu ndogo: pampu ikivuta maji inazama, ikiyatoa inaibuka.

Haikuibuka. Mara mbili aliizamisha kwenye tangi la uani tulilolikata juu, mara mbili maji yakaingia ndani, ikakaa chini kama jiwe. Tundu halionekani. Akapaka gundi, akapaka tena. Mara ya pili akavua kofia, akaenda kulala. Ilibaki wiki moja tu tuipeleke shule, na nilijua safari hii akilala haamki tena.

Ijumaa nilikuwa nafukiza nyumba. Nikaona moshi wa udi unavyopenya chini ya mlango niliodhani umefunga. Haa! Nikachukua chetezo mpaka uani, nikakiweka kwenye mdomo wa lile bomba, nikapepea moshi ukaingia, nikaziba kwa kitambaa. Haikupita dakika, uzi wa moshi ukatoka pale waya zinapopita.

"Baba Aziz! Njoo, nyambizi yako inanukia!"

Akatoka miguu mitupu. Akautazama moshi, akanitazama mimi.

"Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa nakwenda kazini peke yangu."

Akaliziba tundu, na Alkhamisi tukaipeleka shule. Wasichana wamelizunguka hodhi la maji la shule, na ustadha Raghad kashika simu anapiga picha. Ikazama vizuri. Nasr akabonyeza kitufe cha kuiibua. Kimya. Nilisoma kila dua niijuayo. Mara ukatoka mkia. Mkia, jamani, si kichwa! Ikasimama matako juu kama bata anayetafuta chakula, na wasichana wakaangua kicheko. Nikasema basi, mume wangu keshafedheheka, twende zetu.

Kumbe Nasr anacheka. Anacheka mpaka anapangusa machozi.

"Nimejisahau! Betri zote nimezirundika mbele. Kwenye nyambizi ya kweli kuna mtu anayepigia hesabu kila uzito ulipokaa. Nani anataka kuwa yeye?"

Mikono yote juu. Ustadha Raghad akamuuliza kama ataweza kurudi siku moja.

"Jumapili, wiki ya shule ikianza tu," Nasr akamkatiza. "Saa moja ya asubuhi nipo langoni. Leteni mizani."

Ingelitoka sawasawa siku ile, tungelipigiwa makofi, tukarudi nyumbani, na yeye akarudi kitandani. Sasa ni mwezi wa tatu anakwenda, kanzu kapiga pasi mwenyewe. Nyambizi bado inaelemea kushoto kidogo, na mimi kila sala namuomba Mungu asiinyooshe upesi.