Rula ya Baba

Nimefunua cherehani ya baba hapa Muyinga, siku tatu baada ya kumzika, na harufu ya mafuta ya mashine ikanirudisha Gitega, tulikoishi nilipokuwa mtoto.

Tulikuwa tukijifunza gitaa pamoja, mimi na yeye, katika shule ndogo ya muziki isiyomuuliza mtu umri. Watoto, wauguzi na wachuuzi tulibanana kwenye benchi moja. Mwalimu alikuwa na desturi yake: aliyelishika somo ndiye aliyemrekebisha aliyeketi kando yake, hata kama ni mzee wake. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na vidole vyake vya mafuta viliteleza kwenye nyuzi.

Siku hiyo nilikishika kidole chake, nikakivuta kwa nguvu.

"Baba, si hapo! Nakuambia mara ngapi?"

Benchi zima likacheka. Nikacheka nami, tena kwa sauti.

"Pardon, mwalimu," baba aliniomba radhi bila kuinua uso.

Juma lililofuata alinisindikiza hadi mlangoni, akaketi nje kwenye ngazi mpaka somo likaisha. Ikawa hivyo hadi nilipoacha shule. Hatukuliongelea jambo hilo kamwe.

Sasa nimeigeuza rula yake ndefu ya mbao ili niifute vumbi. Nyuma yake amechora nyuzi sita kwa kalamu ya bik, na nukta za kuonyesha vidole vinapokaa. Wino umelika kwa kuguswaguswa. Nimeweka vidole vyangu juu ya nukta, moja baada ya nyingine. Zote ziko mahali pake.